Probox inatetemeka ukikanyaga mafuta: usikubali giaboksi ishushwe kabla hujaangalia koili

Kaka ulouliza kuhusu Probox inayotetemeka ukikanyaga mafuta, umesema unaiacha Mokowe unavuka Amu (Lamu) wiki nzima ndo unarudi kuichukua, na fundi ashakwambia giaboksi imekufa. Hiyo giaboksi ngoja kwanza. Mimi niko Malindi na nina Probox ile ya zamani yenye injini ya 1NZ, ilinifanyia hivo hivo na nikaambiwa maneno hayo hayo, giaboksi mpaka leo haijaguswa na gari inakwenda.

Kabla ya spana jua inatetemeka wakati gani. Ukishapita Garsen kuelekea Witu barabara ikiwa tupu, zima redio usikilize. Kama ikifika 90 hivi inatetemeka hata ukitoa mguu, na usukani unacheza mkononi, hiyo ni magurudumu tu, peleka ukafanyiwe balansi. Lakini kama ni pale unapokanyaga, na ukitoa mguu inatulia, basi shuku moto wa plagi, sivi jointi ya ndani (kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu, upande wa giaboksi) au mauntingi za injini (mipira inayoishikilia injini). Moto ukikosekana gari inakatakata, nguvu hakuna, kilima kidogo tu inalia, na taa ya injini huenda ikawaka. Taa ikiwa inapepesa usizidi kuikanyaga, maana petroli ambayo haikuungua inaishia kwa ekzosi na inaua katalisti (kile kichujio cha moshi), na hiyo bei yake wallahi utalia.

Yangu ilikuwa koili, kile kidude kinachokaa juu ya plagi na kuipa umeme. Watu huuliza mbona ikisimama inanguruma vizuri kabisa, sasa ni hivi, ukikanyaga hewa nyingi inaingia kwa silinda, mgandamizo unapanda, na cheche inataka umeme mkali zaidi ndo iruke lile pengo la plagi. Koili ilochoka kazi ndogo inaiweza, mzigo ukiingia inashindwa. Na sisi wa pwani tuna shida yetu, hewa ya chumvi. Gari inayolala karibu na maji kama yako hapo Mokowe, chomoa soketi za koili uangalie zile pini, ukiona rangi ya kijani ushapata pa kuanzia. Kuna na hii tabia ya kuosha injini kwa pampu ya presha, maji yanaingia kwenye mashimo ya plagi yanakaa humo, ule mpira wa koili unapasuka na umeme unarukia kwa chuma badala ya kwenda kwa plagi. Mimi injini yangu naifuta kwa kitambaa, basi.

Ukichomoa koili ukakuta mafuta ya injini ndani ya shimo, hiyo ni gasketi ya kava ya juu pamoja na sili za mashimo ya plagi, badilisha hizo kwanza maana koili mpya ukiitia kwenye mafuta nayo itakufa vile vile.

Jinsi ya kujua koili gani, na hapa usitoe hata shilingi. Tafuta mwenye kile kimashini cha kusoma injini. Akipata kodi, yaani namba ya hitilafu, kama P0303 maana yake silinda ya 3 haichomi, na kwa 1NZ unahesabu kuanzia upande wa mikanda. Zima gari, toa koili ya 3 itie kwa 1, ya 1 itie kwa 3, futa kodi, nenda ukaisumbue barabarani. Ikirudi P0301 basi shida imehama na koili, nunua hiyo moja tu. Ikibaki P0303 hamisha plagi ufanye vile vile. Ikiwa bado ipo pale pale ndo uanze kufikiria injekta au kupima kompresheni. Fundi anayekwambia nunua koili zote nne na plagi na sensa kwa pamoja anabahatisha kwa pesa yako.

Plagi nazo feki zimejaa, boksi ni la Denso au NGK na ndani ni takataka, nunua kwa mtu unayeweza kumrudia.

Kodi ikiwa hakuna na nguvu ipo lakini gari inatikisika tumbo, inua kwa jeki, iwekee na stendi, shika shafti upande wa giaboksi uitikise. Ikiwa na mchezo mwingi, au buti limepasuka na grisi imetapakaa, ni jointi ya ndani. Ile ya nje hulia ka-ka-ka ukikata kona, usichanganye. Mauntingi ni rahisi: fungua boneti, mtu akanyage breki sawasawa, atie D halafu R na mafuta kidogo, wewe simama ubavuni si mbele, injini ikiruka ushajua.

Yote hayo yakiwa sawa ndo tuje kwa giaboksi, na hata hapo angalia mafuta yake kwanza. Ukiwa kwenye 60 hivi na inatetemeka, shikilia mafuta pale pale huku unagusa breki kidogo tu kwa mguu wa kushoto, lakini hakikisha nyuma yako hakuna mtu. Ikitulia papo hapo, shida iko kwa toki konvata (kile kinachounganisha injini na giaboksi ya otomatiki), na mara nyingine kubadilisha mafuta ya gia ya aina sahihi kunasaidia.

Sasa tuambie yako ni ya mwaka gani. Kama ni hizi za 2014 kuja juu zenye CVT (giaboksi ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia) mafuta yake ni tofauti kabisa, usikubali mtu atie ATF ya kawaida, yale mafuta ya giaboksi za otomatiki za zamani. Na ukipata kodi iandike hapa.