Doa jeusi na barua ya wakili

SWALI: Ninafanya kazi katika maabara ya kuchunguza chipu zilizoharibika. Nikitafuta mahali panapovuja umeme, hupaka fuwele kioevu juu ya chipu na kuitazama kwa hadubini mpaka doa jeusi lijitokeze. Juzi tumeletewa barua ya wakili: mteja wake ana hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi, yaani patenti) ya kuchora ramani ya joto la chipu kwa fuwele kioevu, nasi tulipe au tuache. Namba ya hataza haikutajwa. Mbinu hii tumeirithi kwa waliotutangulia. Vipi leo iwe na mwenyewe?
– Mshika hadubini

JIBU: Ndugu yangu, usiitupe barua hiyo, wala usiijibu kwa hasira. Doa lako nalijua. Kabla sijahamia kwenye hataza nilikesha nalo miaka mingi: polaraiza mbili (vichujio vya mwanga) zimekingamana, chipu inang'aa, unawasha umeme, na pale penye joto fuwele inapoteza mpangilio wake panakuwa peusi. Kwa fuwele ya 5CB hilo hutokea kwenye nyuzi 35 hivi za Selsiasi. Nilikuwa nawasha na kuzima polepole ili doa lipepese, uchafu haupepesi.

Sasa, jina la hataza lisikutishe. Soma madai, yaani sentensi zinazoweka mipaka ya kinacholindwa, neno kwa neno. Dai hukugusa pale tu kila kipengele chake kinapokuwemo katika kazi yako. Likisema kamera ipige picha huku joto likipandishwa hatua kwa hatua, kisha kompyuta iziunganishe picha hizo ziwe ramani, anayetafuta doa moja kwa jicho yuko nje ya dai hilo.

Likikugusa, angalia tarehe. Fergason na wenzake wa kampuni ya Westinghouse walipewa hataza ya Marekani ya kuonyesha joto kwa fuwele za kolesteriki (fuwele kioevu zinazobadili rangi kwa joto) mwaka 1963. Mwaka 1981 John Hiatt alichapisha namna ya kugundua madoa ya joto kwenye semikondakta, malighafi ya chipu, kwa fuwele kioevu. Aliyekuja baada ya hapo anaweza kumiliki alichoongeza yeye, si doa lenyewe.

Lakini "tumeirithi" si ushahidi, na hapa nina kidonda changu. Niliwahi kumpelekea wakili wetu picha zetu za zamani za madoa kama hayo, tarehe zimeandikwa nyuma kwa penseli, nikiwa na hakika nimemaliza kesi. Akaniuliza swali moja: nani wa nje aliziona? Hakuna. Zilikuwa zimelala kwenye droo yetu. Ulaya, kinachoondoa upya wa uvumbuzi ni kile kilichokuwa wazi kwa umma kabla ya maombi kuwasilishwa. Marekani, mapitio ya hataza yaitwayo inter partes review, yaliyoanza 2012 mbele ya ofisi ya hataza, hutegemea hataza na machapisho tu. Na huko kusema "nafanya jambo la zamani" hakukuokoi peke yake. Lazima ubomoe dai lenyewe, kwa mfano kwa maandishi ya zamani. Kwa hiyo tafuta majarida na kumbukumbu za mikutano ya wahandisi kabla ya kufungua droo.

Leo mwandikie wakili huyo mistari miwili tu: aseme namba ya hataza, na dai lipi anaona mmelivunja. Na wakati mnasubiri, mtu yeyote maabara asimwandikie mwenzake barua pepe kwamba "tumenaswa". Kesi ikifika mahakamani, barua pepe hizo nazo huenda zikaitishwa kama ushahidi.