"Mbawakawa mpya ameelezewa" au "spishi mpya imefafanuliwa"?

Swali: Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Mwanza. Ninawafasiria wanafunzi wangu makala kuhusu mbawakawa mdogo aliyepatikana katika majani yaliyoanguka kwenye msitu wa mlimani, ambaye sayansi haikuwa ikimfahamu. Niliandika: "Mbawakawa mpya ameelezewa kutoka kwenye takataka za majani." Mwenzangu anayefundisha Kiswahili ameikataa, na badala yake amependekeza: "Spishi mgeni amegunduliwa." Ipi iliyo sahihi?

Jibu: Mwalimu, kila sentensi ina jambo jema ndani yake, lakini hakuna hata moja ambayo ningeipeleka darasani kama ilivyo.

Tuanze na kitenzi, kwa kuwa ndicho kizito zaidi. Tunaposema "mgonjwa ameelezewa matumizi ya dawa", anayeelezewa ni yule anayepokea maelezo. Najua kwamba "ameelezewa kuwa" limeenea sana redioni na magazetini kwa maana ya kutajwa sifa, na sidhani kwamba litaondoka. Hata hivyo, katika sentensi yako, ambayo haitaji sifa yoyote, mbawakawa anabaki katika nafasi ya msikilizaji. "Imeelezwa" nalo halitoshi, kwa sababu msomaji amezoea "imeelezwa kwamba", na ataendelea kusubiri habari yenyewe.

Mimi nachagua "kufafanua", na sababu yangu inatokana na kazi inayofanywa. Mbawakawa wa makala yako ni wa familia ya Staphylinidae, ambayo spishi zake zilizokwisha kupewa majina ni zaidi ya 60,000, na wengi wao hutambulika kwa mabawa magumu ya juu yaliyo mafupi, yanayoacha sehemu kubwa ya tumbo wazi. (Nairobi flai, yule mdudu ambaye majimaji yake huunguza ngozi anaposagwa juu ya mwili, ni ndugu yao, wanafunzi wako watamtambua mara moja.) Katika umati huo, spishi mbili zinaweza kufanana kwa sura kiasi kwamba mtaalamu hulazimika kuketi mbele ya hadubini, kupima kichwa, pingili za vipapasio na mabawa, na mara nyingi kuchunguza kiungo cha uzazi cha dume, ndipo aone tofauti. Baada ya hapo huteua sampuli moja itakayobeba jina la spishi, iitwayo holotaipu, na kuchapisha sifa zinazoitenga spishi hiyo na jirani zake. Kutenga kinachofanana na kingine hadi kieleweke wazi ndiko kufafanua.

"Kugundua" si kosa, ila hutaja hatua nyingine. Mdudu anaweza kukusanywa leo, akakaa katika droo ya makumbusho kwa miaka mingi, na mtu mwingine kabisa akaja kumfafanua. Makala ikizungumzia safari ya msituni, andika "amegunduliwa". Ikizungumzia kazi ya mezani, andika "imefafanuliwa na kupewa jina". "Kubuni" liwekee jina peke yake, kwa maana jina hubuniwa na mbawakawa alikuwapo.

Neno "mgeni" ndilo ninaloomba mliache kabisa hapa, na mifano ya kuwaonyesha wanafunzi mnayo ziwani. Sangara ni mgeni katika Ziwa Victoria, kwani aliingizwa katika miaka ya 1950, lakini si mpya kwa sayansi, kwa kuwa Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden, alimpa jina la kisayansi tangu mwaka 1758. Kinyume chake ni furu mmoja wa ziwa hilo hilo aliyepewa mwaka 1985 jina la Haplochromis nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Samaki huyo, ambaye sasa wataalamu wengi humweka katika jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) iitwayo Pundamilia, neno lililochukuliwa katika Kiswahili chetu wenyewe, alikuwa mpya katika vitabu ilhali ni mwenyeji majini. Spishi ngeni imetoka kwingine. Spishi mpya imechelewa kufahamika. Mkitaka kuondoa shaka yote, ongezeni maneno mawili baada ya "mpya": "kwa sayansi".

Kuhusu upatanisho, "spishi amegunduliwa" hakukubaliki, ingawa kinachotajwa kina uhai. Spishi ni jina la kundi, na kundi hupatanishwa kwa ngeli ya jina lake: tunasema "kundi la ng'ombe limevuka barabara" wala hatusemi "amevuka". Basi mbawakawa amegunduliwa, spishi imegunduliwa. Ugumu unaletwa na "mpya", ambalo halibadiliki katika "mbawakawa mpya" mmoja, "spishi mpya" moja na "spishi mpya" nyingi, na hujitenga tu tunaposema "mbawakawa wapya". Kwa hiyo kitenzi au kionyeshi ndicho kitakachomwambia msomaji idadi: spishi hii imefafanuliwa, spishi hizi zimefafanuliwa.

Limebaki "takataka za majani". Takataka ni vitu tunavyovitupa, na majani yale hayakutupwa na mtu. Wala si mboji bado, kwani mboji ni yale yaliyokwisha kuoza. Kati ya hali hizo mbili kuna tabaka lenye unyevu ambamo wadudu hawa huishi, na tabaka hilo linastahili kutajwa kwa jina lisilolidunisha. Ningeandika hivi: "Spishi mpya kwa sayansi ya mbawakawa, iliyopatikana katika tabaka la majani yaliyoanguka kwenye msitu wa mlimani, imefafanuliwa na kupewa jina."