Maswali na Majibu: Msingi wa Banda la Gari na Mkandarasi wa Zege

Barua za safari hii zinahusu banda la gari la nyumbani, ambalo wengine huliita gereji, ingawa kwetu neno hilo limezoeleka zaidi kwa karakana ya mafundi magari.

Swali: Ninajenga Shangani, Mtwara, si mbali na bahari. Mkandarasi anasema mchanga wa ufukweni unatosha kwa kuwa jamvi la gari, yaani sakafu ya zege, halibebi ghorofa. Nimkubalie?

Jibu: Usimkubalie. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi hiyo ikishaingia ndani ya zege huila nondo taratibu. Nondo iliyoshika kutu huvimba, na kwa kuvimba kwake hulipasua zege linaloizunguka, kiasi kwamba ufa unaouona juu leo ulianzia ndani miaka kadhaa iliyopita. Niliwahi kupanga nyumba ya karibu na bahari ambayo kingo za baraza yake zilikuwa zikibanduka zenyewe, na nondo zilizojitokeza zilimenyeka magamba mekundu ukizigusa kwa ukucha. Nunua mchanga wa mtoni au wa machimbo ya bara, kisha uupime mwenyewe: jaza chupa angavu nusu kwa mchanga, ongeza maji, tikisa, iache usiku kucha. Tope litakalotuama juu likizidi sehemu 1 kati ya 12 ya kina cha mchanga, rudisha mzigo. Maji ya kuchanganyia nayo yawe matamu. Kisima cha maji ya chumvi kina madhara yale yale.

Swali: Kiwanja changu kiko Nachingwea, udongo ni mweusi, hunata masika na kupasuka kiangazi. Nina pikapu. Msingi uweje?

Jibu: Udongo wa namna hiyo hufura ukinywa maji na kusinyaa ukikauka, kwa hiyo jamvi lililowekwa juu yake huinuliwa na kuangushwa kila mwaka hadi likatike. Uchimbeni na kuuondoa chini ya eneo lote la jamvi, mjaze moramu, yaani udongo wenye changarawe, kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka limwagiwe maji kidogo na kushindiliwa kabla ya lile linalofuata, na mitaro ya msingi wa kuta ishuke hadi mahali ambapo nyufa za kiangazi hazifiki. Kwa pikapu inayobeba mizigo, unene wa sentimita 15 unafaa, pamoja na nondo za milimita 10 zilizopishana kila sentimita 20. Nondo hizo zikae juu ya vipande vidogo vya zege, ambavyo mafundi huviita biskuti, maana nondo iliyolala juu ya moramu haikusaidii kitu. Tatizo jingine ni majira. Fedha za korosho kwa wengi huingia kati ya Oktoba na Desemba, na mvua zetu nazo huanza kati ya Novemba na Desemba, hivyo mitaro mingi huchimbwa wakati mbaya kabisa. Mtaro uliojaa maji usimwagiwe zege; utolewe maji, tope la chini likwanguliwe, ndipo kazi iendelee.

Swali: Mkandarasi anataka asilimia 70 ya malipo kabla ya kuanza. Ni kawaida?

Jibu: Wapo wanaoitoa, lakini mimi nisingeitoa. Nunua vifaa mwenyewe, kisha ulipe ufundi kwa hatua: mitaro ikikaguliwa, mbao na nondo zikiwa tayari, zege likishamwagwa, na sehemu ya mwisho ibaki hadi siku ya 28, ambayo ndiyo hutumika kupima nguvu ya zege. Kama anajitambulisha kuwa kampuni, ulizia usajili wake katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Kama ni fundi wa mtaani, andikianeni mbele ya mashahidi. Katika maandishi hayo liwemo sharti kwamba zege halimwagwi kabla wewe, au mtu unayemwamini, hajaziona nondo. Ukiambiwa kwamba zege halilali, ni kweli, lakini msemo huo unahusu zege lililokwisha kuchanganywa. Nondo zinaweza kukusubiri hadi asubuhi.

Siku ya kumwaga, simama karibu na pipa la maji. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unahitaji maji lita 25 hadi 30 hivi, na pungufu ikiwa mchanga umelowa. Fundi niliyemwachia baraza yangu aliongeza ndoo baada ya ndoo ili zege liteleze kirahisi kutoka kwenye karai, na hadi leo ukifagia pale ufagio unatoka na unga wa kijivu.

Swali: Jamvi langu hapa Lindi ni mita 3.5 kwa 6, la gari dogo. Nimeandikiwa mifuko 30 ya saruji. Ni sahihi?

Jibu: Kwa unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 2.1, na kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) kila mita ya ujazo hula mifuko 6 na nusu hivi, yaani mifuko 14. Lakini kabla ya kumwita mwizi, muulize kama amejumlisha msingi wa kuta na tofali zake.

Swali: Jamvi liwe tambarare kabisa?

Jibu: Hapana. Liinamie mlangoni, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita.

Swali: Huku Newala maji tunanunua kwa ndoo. Lazima kumwagilia zege?

Jibu: Lazima, kwa siku 7 angalau, kwa sababu saruji hukomaa kwa kunywa maji, ikinyimwa, uso wa jamvi huvunjika vunjika mapema. Kuzungushia tuta na kujaza maji ya kina cha sentimita 2 kwenye jamvi la mita za mraba 21 kungekugharimu ndoo 21 za lita 20. Badala yake, tandika magunia makuukuu ya korosho, yaloweshe, kisha uyafunike kwa nailoni na kuikandamiza kwa mawe pembeni. Asubuhi inua pembe moja: ukikuta gunia bado linatoa maji ukilikamua, siku hiyo huhitaji kununua ndoo nyingine.