Sikio moja likigoma: kwa mnaoanza kazi kliniki ya masikio

Mnaoripoti kliniki ya masikio mtakutana sana na watu wa aina tatu: mwenye nta, mtoto anayetoka usaha, na mzee ambaye masikio yote mawili yamechoka kwa pamoja. Hao mtawazoea haraka. Ninayetaka kuwaeleza ni wa nne, ambaye huja mara chache na wala haonekani mgonjwa. Ni mtu wa makamo, sikio moja zima, jingine linapungua kidogo kidogo bila maumivu wala usaha. Mara nyingi simu ndiyo iliyomfichulia. Kaihamishia sikio la pili, akadhani mtandao umekata.

Huyo asiondoke na matone ya sikio tu. Wengi wao hawatakutwa na jambo la kutisha, lakini wachache wana uvimbe kwenye neva ya 8 ya kichwa, ile inayobeba usikivu na mizani ya mwili kutoka sikio la ndani hadi kwenye ubongo. Unaitwa shwanoma ya vestibula, ingawa madaktari wengi bado wanauita akustiki nyuroma. Si saratani. Huanzia kwenye seli zinazoifunika neva ya mizani, mara nyingi ndani ya mfereji mwembamba wa mfupa ambamo neva ya kusikia na neva ya uso nazo hupita. Mwingi hukua taratibu, milimita moja au mbili kwa mwaka, na mwingine hukaa miaka bila kuongezeka. Ubaya wake ni mahali ulipo.

Mgonjwa atakuja na maelezo yake tayari: malaria kali ya mwaka juzi, kwinini, sindano za kifua kikuu. Msikilize, maana ni kweli dawa hizo zinaweza kuumiza masikio. Lakini kwinini, streptomaisini na gentamaisini husafiri kwenye damu, na damu haichagui upande. Kwa kawaida huathiri masikio yote mawili. Vivyo hivyo uzee. Mtu akikulalamikia sikio moja tu, na kiwambo, ile ngozi nyembamba ndani ya sikio, ukikiona kizima, acha kutafuta sababu za mwili mzima.

Sasa nikae kidogo kwenye kipimo cha usikivu, maana hapo ndipo wagonjwa hawa wanapotuponyoka. Unapopima sikio bovu kwa hedifoni za kawaida, sauti ikifika desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 40 hivi juu ya uwezo wa sikio zima, inaweza kuvuka fuvu na kusikika upande wa pili. Mgonjwa anabonyeza kitufe, na hakudanganyi: amesikia kweli, ila kwa sikio lingine. Kwa kifaa cha mfupa, kile kinachotikisa fuvu nyuma ya sikio, ndiyo kabisa, sauti inavuka karibu yote. Unabaki na audiogramu, yaani karatasi ya majibu ya kipimo, safi, nadhifu, ya uongo mtupu.

Nilimpokea mama mmoja muuza vitenge akiwa na karatasi ya aina hiyo. Sikio la kushoto lilisomeka desibeli 55 hadi 60 kwa njia ya hewa, yaani hedifoni, na 10 kwa njia ya mfupa; namba ikiwa kubwa, usikivu ni mbaya zaidi. Kwa hesabu hizo tatizo liko sikio la kati, na alikwisha kuambiwa kuna maji nyuma ya kiwambo. Nikachungulia, kiwambo kinang'aa vizuri. Nikagonga uma wa sauti wa hezi 512, kile chuma kinachovuma kikigongwa, nikausimamisha katikati ya paji la uso.

"Mama, sauti unaisikia upande gani?"

"Huku," akagusa sikio la kulia.

Kama kosa lingekuwa sikio la kati, sauti ingekimbilia kushoto, upande mbovu. Tukarudia kipimo huku sikio la kulia tukilizuga kwa kelele ya hedifoni, ule mvumo wa redio isiyoshika stesheni. Sikio la kushoto halikujibu hata kwa desibeli 100. Namba zote za ile karatasi zilikuwa za sikio la kulia.

Kwa hiyo zuga. Hewa ya sikio unalopima ikizidi mfupa wa sikio la pili kwa 40, zuga. Mfupa na hewa vikiachana kwa 10 au zaidi, zuga kabla hujasema ni sikio la kati. Kazi hii inakula dakika, na foleni nje itanung'unika. Wacha inung'unike. Ukishapata namba za kweli, linganisha pande mbili: tofauti ya desibeli 15 kwenye masafa (ngazi za mlio, mzito hadi mwembamba) mawili yanayofuatana, bila sababu unayoweza kuiona, inanitosha kumpeleka kwa daktari. Wapo wanaosubiri 20. Sigombani nao, ila mimi sisubiri.

Kisha mpime kwa maneno, si kwa milio peke yake. Wagonjwa hawa wana kauli yao: "Nasikia anaongea, lakini sielewi anasema nini." Unamtajia meza, kuku, ndizi kwa sauti inayotosha, naye anabahatisha nusu. Ukiongeza sauti, wengine wanazidi kupotea. Sikio la ndani lenyewe likiwa ndilo lililochoka, maneno kwa kawaida hayaharibiki kupita kiasi hicho. Yakiharibika hivyo, naifikiria neva.

Wageni wa kazi hii hutarajia kizunguzungu kikali, kwa kuwa uvimbe umekaa kwenye neva ya mizani. Si kawaida. Kwa kuwa unakua polepole, ubongo unapata nafasi ya kuzoea. Mgonjwa atakuambia anayumba kidogo gizani, au hata hatakuambia. Muulize pia kuhusu mlio sikioni na ganzi usoni. Kijana mwenye tatizo hili masikio yote mawili ni habari nyingine: kuna ugonjwa wa kurithi uitwao nyurofibromatosisi aina ya 2, na lazima uulize kuhusu wazazi na ndugu zake.

Usikivu ukikatika ghafla, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, kwa kuwa prednisoloni, dawa ya aina ya steroidi, huanzwa mapema. Hata ukirudi, bado anahitaji picha. Baadhi ya uvimbe huu hujitokeza kwa namna hiyohiyo, na nafuu haiuondoi.

Picha yenyewe ni MRI, inayopigwa kwa sumaku, yenye dawa ya kung'arisha. CT, inayopigwa kwa eksirei, ni nafuu kwa mfuko na ipo karibu, lakini uvimbe mdogo ndani ya mfereji huwa inaupita. CT safi isikufanye ufunge faili. Kwenye fomu ya rufaa usiandike "hasikii vizuri". Andika sikio gani, tangu lini, namba za pande zote mbili, kwamba ulizuga, na maneno mangapi aliyashika.

Neno "uvimbe" lisitoke mdomoni mwako kwenye korido. Mtu akisikia uvimbe kichwani anasikia kifo, na wengine hawarudi tena. Mwambie tunatafuta kwa nini masikio hayalingani. Uvimbe ukikutwa, daktari atamweleza njia zilizopo: kuufuatilia kwa picha, mionzi, au upasuaji. Ndugu zake watakuuliza wewe, si daktari, kama sikio litarudi. Waambieni ukweli, kwamba matibabu yanaushughulikia uvimbe na usikivu uliokwisha kupotea kwa kawaida haurudi. Mfundishe kukaa upande unaoliacha sikio zima kwa waongeaji, na avukapo barabara atazame pande zote mbili, kwa sababu mwenye sikio moja anaisikia honi ya bodaboda bila kujua inatokea wapi.

Chukua namba mbili za simu, yake na ya ndugu anayemsindikiza. Fedha za MRI huchukua muda kupatikana, na akichelewa kurudi, ninyi ndio mtakaompigia.