Tulibadilishana Nyumba Kama Kwenye Filamu, Mwenzangu Akapata Mchumba

Dada mmoja wa Kakamega ameniandikia. Ameona The Holiday, sasa anataka kubadilishana nyumba na mtu asiyemjua. Anauliza mimi nilifanyaje Desemba ile.

Kwa ambao hawajaiona, ni filamu ya Nancy Meyers ya 2006. Kate Winslet, mwandishi wa gazeti, anampenda mwanamume ambaye anamchumbia mwingine. Anamwachia Cameron Diaz nyumba yake ya mawe huko Surrey, Uingereza, naye anahamia jumba la Diaz kule Los Angeles, wiki mbili za Krismasi. Diaz anaangukia kwa kaka ya Winslet. Winslet anampata Jack Black. Nililia, kwa sababu wiki hiyohiyo mwanamume wangu aliweka picha za posa na mwingine kwenye stetasi. Miaka minne amekula samaki wangu!

Basi nikamwachia dada wa Nakuru, rafiki wa rafiki, nyumba yangu ya Migosi, Kisumu, nami nikaenda kwake mtaa wa Section 58. Hakuna aliyeniambia kuhusu baridi. Mtu wa Kisumu halali na blanketi mbili. Usiku wa kwanza tokeni za umeme zikaisha saa tatu, keateka, yule mtunza nyumba, naye hanijui, anataka kitambulisho kwanza. Kwa hiyo, dada, kubalianeni mapema nani ananunua tokeni, na keateka aambiwe. Maji ya kunywa nunua, kwani ya visima vya Nakuru yana floridi nyingi. Chumba cha vitu vyako funga. Na tokeni, narudia.

Mapenzi? Nilipanda mlima Menengai peke yangu, nikasimama ukingoni nikisoma meseji za yule bwana. Kreta yote ile mbele yangu, mimi naangalia simu.

Kumbe Migosi mambo yalikuwa moto. Mfereji wangu wa jikoni ulivuja miezi mitatu, fundi akinizungusha, "kesho, madam." Mgeni wangu alimpigia mara moja tu, akaja asubuhi, akarudi jioni kuhakikisha, kesho yake wakala samaki ufukweni Lwang'ni. Sasa ni wachumba. Nimefurahi kwa ajili yao. Nimesema nimefurahi.

Nimekuja kugundua kwamba hata ile nyumba ya mawe ya kwenye filamu haikuwa nyumba. Ilijengwa shambani kwa ajili ya kamera, kisha ikabomolewa. Na sisi tunakaa kwenye kochi tunapanga maisha kwa kuiangalia! Dada zangu, tuache kubeba wanaume kwenye mkoba. Mimi wangu nilimbeba Ahero, Kericho, mpaka Nakuru, nikamrudisha mzimamzima. Futa namba kwanza, ndipo ukate tiketi. Mwanamke anayejiheshimu husafiri mwepesi.

Yangu niliifuta Februari.

Mfereji, kwa taarifa yenu, umeanza kuvuja tena. Nimeweka beseni. Simpigii.