Mnaofungua maduka ya chakula cha mbwa na paka, tazameni hilo pipa

Kila nikipita Goba, Tegeta au Mbezi naona fremu mpya ya chakula cha mbwa na paka, na nikiingia kusalimia nakuta pipa lile lile la plastiki, halina mfuniko, kijana anamimina gunia jipya juu ya mabaki ya gunia la zamani. Wadogo zangu, nafurahi mno kuona biashara yetu inakua. Lakini jamani, hilo pipa! Mambo ya TIN, yaani namba ya mlipakodi, leseni na mashine ya EFD ya kutolea risiti mmeshayajua, siyarudii. Nayasema haya ambayo naona mnayakosea kila siku.

1. Usigombanie gunia zima na supamaketi. Wao na watu wa jumla wa Kariakoo wanashusha kontena, wewe unapakia magunia matano kwenye bajaji. Tuseme gunia la kilo 20 limekusimamia kwa 100,000 ukaliuza 105,000 ili umpiku jirani: hiyo elfu tano imeishia kwenye bajaji na mifuko, kodi ya fremu utailipa na nini? Pato letu liko kwenye kupima. Mtu wa Kimara mwenye mbwa mmoja wa ulinzi hana hela ya gunia, anataka kilo mbili kila Jumamosi, na supamaketi haimpimii. Wewe unampimia. Ndiyo sababu tupo.

2. Basi kama kupima ndiko kunakotulisha, kupima kuheshimiwe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu liliniuma na bado linaniuma.

Nilipoanza nilikuwa na mapipa mawili, la mbwa na la paka. Likipungua, namimina gunia jingine juu. Hakuna aliyeniambia kwamba punje za chakula kikavu hupakwa mafuta nje baada ya kukaushwa, na kwamba gunia likishafunguliwa hewa na joto huanza kuyaharibu yale mafuta. Juu mteja anaona punje nzuri zinanukia. Chini kuna tabaka ambalo halijawahi kutoka tangu duka lifunguliwe. Ikaja masika, ukuta wa fremu ukawa unatoa maji, na mimi naendelea kumimina.

Akarudi mama mmoja, mteja wangu wa mwanzo kabisa, akaniambia mbwa wake anatapika na hataki kula. Nikamjibu ni minyoo, ampe dawa. Nilimjibu hivyo bila hata kugeuka kutazama pipa. Baadaye akaja kijana mwingine na maneno yale yale, na hapo ndipo nikalimwaga pipa lote sakafuni. Harufu ilikuwa kama mafuta ya chipsi yaliyokaangiwa wiki nzima, na pembeni chini kabisa kulikuwa na ukungu wa kijani. Nikampigia aliyeniuzia mzigo. Akaniuliza swali moja tu: namba ya toleo, ile ambayo kiwanda huichapa kwenye gunia, ni ipi? Sikuwa nayo. Magunia matupu nilikuwa nimeshayachoma, na ndani ya pipa kulikuwa na mchanganyiko wa magunia nisiyojua idadi yake. Sikuweza kumwambia yule mama mbwa wake alikula nini. Nilimlipia matibabu, mbwa akapona, lakini mama hakurudi tena, na majirani zake aliokuwa akiniletea hawakurudi pia. Walikuwa na haki.

Msidhani namba ya toleo ni urembo wa kiwandani. Mwishoni mwa 2020 Marekani kulikuwa na chakula cha mbwa kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoharibu ini, na zaidi ya mbwa 100 waliripotiwa kufa. Watu walipoambiwa warudishe mzigo, walitajiwa namba na tarehe zilizo kwenye gunia. Aliyekuwa amemimina kwenye pipa angetazama nini?

Kwa hiyo: gunia libaki na chakula chake, liingie zima ndani ya pipa lenye mfuniko, liishe, pipa lioshwe na kukauka kabisa, ndipo ufungue jingine. Kile kipande chenye namba na tarehe kikate, kibandike ukutani mpaka wateja wa gunia hilo wawe wamemaliza. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Gunia usiloweza kulimaliza ndani ya mwezi mmoja usilifungue kabisa.

3. Mshindani wako mkubwa ni sufuria ya nyumbani. Msiwaambie watu dona na mapupu vinaua mbwa, maana mteja ana mbwa mzee nyumbani aliyekulia hivyo hivyo, na akishakuona mwongo hakusikilizi tena. Mwambie yaliyo kweli: kitunguu na chokoleti ni sumu kwa mbwa, na mahindi yaliyovunda asimpe. Huku kwetu punje zilizokataliwa na watu ndizo zinazosagwa kwa ajili ya mbwa, na sumukuvu haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mbwa ana ini lipi la chuma?

4. Paka si mbwa mdogo. Mteja akitaka chakula cha mbwa ampe paka kwa sababu ni rahisi, mkatalie. Kuna kirutubisho kinaitwa taurini: mbwa kwa kawaida hujitengenezea mwilini, paka hawezi kutengeneza ya kumtosha, na akiikosa kwa muda mrefu macho yanaharibika na moyo unatanuka na kudhoofu. Hilo la moyo lilithibitishwa na watafiti wa California mwaka 1987, na bado kuna duka linapima chakula cha mbwa kwa mwenye paka kwa sababu tu hela imeingia. Nikiona hivyo nakasirika kweli.

5. Acheni kuwauzia kalsiamu ya ziada wenye watoto wa mbwa wa aina kubwa ambao tayari wanakula chakula kamili cha kiwandani. Inaharibu mifupa inayokua.

6. Anayebadilisha chakula achanganye cha zamani na kipya kwa wiki nzima.

7. Kuuza kwa mkopo, hapana.

8. Andika jina la mbwa, uzito wake na siku aliyonunuliwa chakula. Mbwa akila gramu 400 kwa siku, kilo 10 zinaisha siku ya 25; wewe mpigie bosi wake siku ya 22 umuulize Simba anaendeleaje, na bodaboda iwe tayari. Kuna wateja wangu waliohama mtaa na bado wanangoja simu hiyo.

9. Kabla hujalipa kodi ya miezi sita, nenda kaione fremu siku ya mvua, uweke kiganja ukutani. Ukuta ukiwa na maji, tafuta fremu nyingine hata kama hii iko barabarani.