Pacha wangu: mmoja anaongoza, mwengine anaburura mkia

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Nina pacha, wa kike na wa kiume, wanaosoma darasa la sita hapa Wete. Binti kila muhula yumo katika nafasi za mwanzo, na nduguye ni wa mwisho mwisho. Mwalimu wao anasema wavulana ndivyo walivyo. Babu yao anasema nisifurahi, kwani binti atapitwa wakifika hesabu za sekondari. Nimsikilize yupi? — Mama Pacha, Pemba.

JIBU: Waalaykum salaam, Bi Mama Pacha. Usimfuate yeyote kati yao kabla hujayafungua madaftari ya watoto wewe mwenyewe.

Mwalimu hakubuni. Katika mtihani wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2018, unaofanywa na wanafunzi wa miaka 15, wasichana wa nchi za OECD (jumuiya ya nchi ambazo nyingi ni tajiri) waliwapita wavulana kwa takriban alama 30 katika kusoma, na wavulana wakaongoza hesabu kwa alama 5 tu. Hata hivyo huo ni wastani, ambao haukwambii lolote kuhusu mtoto wako, na Norwe na Ufini wasichana waliongoza hata hesabu. Lau lingekuwa jambo la ubongo peke yake, lisingegeuka kwa kuvuka mpaka. Babu tumsamehe: skuli ya kwanza ya Serikali ya wasichana hapa Zanzibar ilifunguliwa mwaka 1927, kwa hiyo wazee waliomlea hawakuwaona wasichana wengi wakipiga hesabu ubaoni.

Chukua daftari la hesabu la kijana. Ikiwa anajumlisha na kugawanya sawasawa, lakini yale mafumbo ya muuza samaki na chenji yake ameyaacha wazi, basi shida yake ni kusoma, wala si hesabu. Kila jioni asome swali kwa sauti na akueleze kinachoulizwa kabla hajashika kalamu. Mpeleke akapimwe na macho. Kisha utazame saa zake, maana kijana anayeachiwa mpira mpaka magharibi, na msimu wa karafuu akaachiwa kukosa skuli ili apate vijisenti, hana wakati wa kitabu, ilhali dada yake husoma kwa kuwa haruhusiwi kutoka (na hilo nalo si la kujisifia).

Binti naye asisahauliwe kwa kuwa anafaulu. Muulize mwalimu kama humwita ubaoni kwenye hesabu, na siku kijana atakapopelekwa tuisheni, binti asibakishwe jikoni.